Vioo Sitini na Vinne

Tunaingia Kipumbwi saa nne usiku, kama wezi wa kuku,
mimi na Hoza, tochi moja,
sanduku la vioo vilivyofungwa kwa karatasi.
Mbwa ndio wanaotupokea.
"Kwani damu yetu mchana si damu?"
anauliza Mwanakheri akikaza kanga kifuani.
"Au na ninyi ni wa kuruka na ungo?"

Namjibu kama nilivyofundishwa:
mnyoo tunaomtafuta ana adabu za mwizi.
Mchana watoto wake hujibanza ndani, mapafuni,
usiku hupanda hadi chini ya ngozi
kumngoja mbu awabebe kwa jirani.
Wana miadi naye. Wanajua saa kuliko mwadhini.

Kidole cha pete, mkono wa kushoto.
Pamba, spiriti, sindano.
Mwanawe ananyoosha kidole kabla hajaombwa,
analia baadaye, akishaliona tone.

Hayo nayasema. Hili silisemi:

Baba yangu, Mbwana Kilua, alikuwa mkwezi.
Minazi arobaini kwa siku,
kitanzi cha kamba miguuni, panga kiunoni.
Kisha ishirini. Kisha kumi.
Kisha akawa muokotaji wa nazi walizoangua wengine.
Kanzu zake zikapanuka.
Akawa anakaa ukingoni mwa kiti,
upande upande, kama mgeni asiyekaribishwa.
Nyumbani tuliita "ule mzigo".
Shuleni waliliita busha, kwa sauti, nikipita.

Wakasema ni madafu.
Mkwezi gani hanywi dafu huko huko juu?
Yamemshukia.
Naye akaamini. Miaka kumi na tisa hakugusa dafu,
na miaka kumi na tisa mbu wakafanya kazi yao,
wakitoka kwenye shimo la choo chetu lisilo na mfuniko,
hatua kumi na mbili kutoka kitandani kwake.
Nilizihesabu nilipokuwa mtu mzima.

Walipokuja na vidonge na ile fimbo ya rangi,
wanakusimamisha ukutani, wanapima kimo,
wanakuhesabia kiganjani,
watu walikimbilia mashambani:
dawa ya kufunga uzazi hiyo!
Baba akasimama wa kwanza.
"Uzazi wangu ule pale," akanionyesha kwa kidevu.
"Nipimeni."
Walimwambia wazi vidonge havitapunguza kilichokwisha kujaa.
Vinawafagia hao wadogo wa damuni, basi,
mbu akija asikute cha kubeba.
Akameza. Kwa ajili ya majirani waliomcheka,
akameza, akaomba maji zaidi.

Bombo walimpasua siku ya Jumanne.
Alirudi na suruali ya dukani, yenye zipu,
akaniagiza dafu.
Akalinywa barazani, watu wakipita,
maji yakimtiririka kidevuni hadi kwenye shati.
Hakuyafuta.
Mnazi hakuupanda tena. Aliutazama tu.

Saa saba kasorobo. Vioo sitini na vinne.
Hoza anasinzia amesimama, kama punda.
Kesho nitavitia rangi, nitainamia hadubini
nikitafuta kijiuzi cha zambarau kilichojikunja,
na nikikiona nitaandika namba, si jina.

Mwanakheri anatusindikiza hadi uani.
Namwambia habari za choo: kifunike,
hata kwa ubao wa sanduku la sabuni.
Namwambia vidonge kila mwaka, hata usipoumwa,
maana huyu haumi mpaka amekwisha kukuhamia.
Namwambia chandarua.
"Ninacho," anasema.
Nakiona. Cheupe gizani,
kimezungushiwa tuta la mchicha, kuku wasiingie.
Naye anaona kwamba nimekiona.
Hatusemi kitu.

Tumefika njia panda Hoza ananishika mkono: sikiliza.
Nyuma yetu, uani kwa Mwanakheri,
vijiti vinang'olewa, kimoja kimoja,
na kuku mmoja, ameamshwa, analalamika.