Damu na Maji

Deolinda, lala chali, weka kichwa hapa pajani.
Saa sita imepiga. Hili ni tone la pili leo,
na mikono yangu bado ni ya mbandua magome:
minene, migumu, imezoea shoka.

Ilikuwa Aprili. Ulikuwa ukipaka chokaa ukuta wa mama yako,
kama wapakavyo wanawake wa Alentejo kabla joto halijaja.
Ndoo ilitokota. Punje moja ikaruka.
"Si kitu, Anselmo," ukasema, ukanawa, ukamalizia ukuta.

Si kitu kikawa kitu.
Julai, kule Évora, daktari Quitéria akanionyesha
jicho lako kwenye skrini, kubwa kama sinia:
mishipa ikitambaa kutoka kwenye weupe,
ikivuka ukingo, ikielekea katikati,
myekundu kama shina lililovuliwa gome juzi.
"Konea," alisema, "haina damu hata chembe.
Hunywa machozi, huvuta hewa. Ndiyo maana tunaona.
Damu imeingia humo kuponya, lakini inapofusha."

Nilirudi na neno hilo ndani ya basi, kilomita arobaini.
Imeingia kuponya.

Basi, tone. Tikisa kwanza, yasema karatasi.
Chupa haifiki urefu wa kidole gumba,
inakaa kwenye friji kando ya jibini,
na bei yake ni siku tatu za shoka.
Tone la kwanza kabisa lilianguka shavuni. La pili nyusini.
Ukacheka: "Unapiga mti au unanitibu?"

Mti naujua. Ukizidisha nguvu, shoka lavuka gome
likajeruhi mwili, na miaka tisa baadaye kovu liko palepale.
Kwa hiyo nashusha pumzi. Navuta kope ya chini,
pajikunje kama mfuko wa shati.
Tone.
Fumba. Hesabu mpaka sitini. Usikaze.

Watu husema damu nzito kuliko maji.
Mimi tangu Julai natia maji yapigane na damu,
mara nne kwa siku, na sijui nani atashinda.
Daktari naye hakuapa. Mishipa huenda ikanywea, alisema,
ikabaki kama mito ya kwetu mwezi wa nane, mikondo mitupu.
Presha ya jicho ipimwe. Rudini Septemba.

Jana uliziba kwa kiganja lile jicho lililo zima,
ukatazama ukuta wa mama yako.
"Pale juu," ukasema, "nilipaka vibaya."
Nikatoka kwenda kutazama.
Kweli. Chini ya vigae, alama ya brashi.