Hewa Nayo Ina Hali

Jumanne na Alhamisi, magharibi ikishaswaliwa,
nyuma ya duka la cherehani, Barabara ya Kumi na Tano,
tunabanana wanane kwenye mabenchi ya chekechea,
magoti karibu na videvu,
na Mwalimu Semkiwa anatufundisha mvua.

Naitwa Mwanamvua. Darasa lilipolisikia jina, likacheka.
Mimi ni dobi. Mvua naijua kwa kola ya shati:
ikigoma kukauka hadi saa nne, adhuhuri inashuka.
Naijua kwa munyu wa upepo wa Raskazone
unaorudi kulala kwenye shuka nililokwisha kulisuuza.
Najua rasharasha, najua manyunyu,
najua mvua ya jua, ile ya simba anazaa,
inayokufanya uanue, uanike, uanue,
mpaka mikono inakuuliza umerogwa na nani.
Mbingu ni bosi wangu.
Nani humzungumza bosi wake kwa kupoteza muda?

Lakini Mwalimu anasema: Mwingereza
hakuulizi umeamkaje, wala watoto, wala mguu wako.
Anaanza juu.
Sisi twauliza hali ya mtu, wao hali ya hewa,
utadhani hewa ndiyo iliyolazwa Bombo.

Andikeni, akasema: iti inanyesha.
Nikanyoosha mkono. Huyo iti ni nani?
Si wingu, akasema. Si Mungu. Si mtu.
Ni neno la kushika nafasi,
kama ndoo tupu uliyoiacha kwenye foleni ya bomba.
Nikaandika. Lakini sikio langu la Ngamiani
linasikia eti.
Eti inanyesha. Eti kuna baridi. Eti kumekucha vizuri.
Mvua ya kwao, kumbe, ni uvumi.

Na ikizidi, wananyesha paka na mbwa.
Hemedi wa bandarini akauliza
mizoga inazolewa na nani, halmashauri?
Mwalimu mwenyewe alikaa chini kwa kicheko.
Chaki ilipobaki kama ukucha
akatuandikia la mwisho:
mtu akiwa chini ya hali ya hewa,
ujue hajisikii vizuri.

Yote haya ni kwa ajili ya Elyas, mjukuu wangu wa Leeds.
Ana miaka minane, na Kiswahili chake
kimeishia kwenye shikamoo.
Mama yake, Tausi wangu, huniandikia kila Ijumaa:
Sijambo mama. Ni kazi tu.

Jumapili nikapiga, daftari liko pajani.
Hapa jua, nikasema kwa kimombo changu. Kwenu?
Eti mvua ndogo, akasema. Eti upepo.
Tukaenda hivyo, bibi na mjukuu,
wingu kwa wingu, kama watu wanaojuana.
Mama yuko wapi?
Akanijibu kama anayetaja rangi ya soksi:
Mama yuko chini ya hali ya hewa.

Ukurasa ule niliujua. Ukucha wa chaki niliuona.
Nilitaka kumuuliza tangu lini,
lakini tangu hatujaifikia.
Akaniambia bila kuulizwa:
Tangu theluji.

Tangu theluji.
Na hapa masika yanakatika.
Nikahesabu Ijumaa kwa vidole, nikarudia vidole,
kila kimoja na sijambo yake.

Bibi, upo? Kukoje huko sasa?
Mbele yangu kamba nzima ya mashuka ya gesti,
makavu, magumu, ya kuvunjika kama kaukau.
Iti, nikasema.
Iti inanyesha.
Sana? akauliza.
Sikujibu paka, wala mbwa.

Jumanne nilifika kabla ya adhana,
duka bado linashona.
Nikamwambia Semkiwa: upepo turuke.
Radi na upinde wa mvua wafundishe hawa wengine.
Mimi nipe namna ya kusema
mwanangu, niambie kweli,
na useme taratibu, niandike.