Milioni Moja na Tatu

Bili ilichapishwa saa tatu usiku, Pangani,
dirisha la malipo, karatasi ingali na joto la mashine:
1,000,003.
Kitanda, oksijeni, glavu,
dawa zenye majina marefu kuliko siku zake za mwisho,
na chini kabisa, kwa wino hafifu,
ada ya kumlaza pale alipolala sasa.

Nduku, kifungua mimba, akasema tugawane.
Tuko saba. Ni hesabu ya darasa la tatu.
Mwalimu ni mimi, nikapewa kalamu.

Saba ikaingia, ikabakisha nne.
Kumi na moja, nikiwahesabu na wajomba: nne.
Kumi na tatu, na wakwe waliokuja na chapati: nne.
Thelathini na saba, kwaya nzima ya kanisa lake:
nne tena, kama watoto
waliogoma kuingia ndani mvua inanyesha.

Wenzangu wakalala kwenye benchi.
Nikaigeuza bili, nikaandika mgongoni mwake.
Si shufwa. Tarakimu zake ukijumlisha ni nne,
kwa hiyo tatu haiigusi. Tano haina la kusema.
Kipeuo chake cha pili ni elfu moja na vumbi kidogo,
basi ni namba tasa mia moja sitini na nane tu
zenye haki ya kubisha mlango huu.
Nikazileta mojamoja.

Mlinzi, Barasa, akaniuliza kama naandika wosia.
Nikamwambia natafuta kigawanyo.
"Utampata tu," akasema, "Mungu ni mkubwa,"
akaenda zake na tochi.

Adhana ikivuka kutoka Eastleigh
nikafika 997, ya mwisho.
Ikabakisha kumi na mbili.

Namba tasa. Ya kwanza kabisa baada ya milioni.
Haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe:
ama mtu mmoja aibebe yote,
ama watu milioni moja na watatu,
shilingi kwa shilingi, wapange foleni
kutoka dirisha hili hadi Machakos, hadi kwetu Mwingi,
na foleni ibaki.

Tukachukua saba, na baki yake.
142,857 kila mmoja.
Musembi hakuwa nazo. Ana kesi, ana mapacha.
Nikaweka fungu lake juu ya langu: 285,714.
Nikatazama tena. Tarakimu ni zilezile,
zimesogea tu, kama tulivyolizunguka jiko
nyumba ya Makongeni, kila mtu akihama
kukwepa moshi, wala hakuna aliyeondoka.
Kavila akapiga simu kutoka Doha, mshahara umekwama.
Nikapigia sacco ya walimu.
428,571. Zilezile.
Sikumwambia mtu. Nani atasema msibani
kwamba deni linacheza duara?

Mafungu yote saba: tisa sita, zimesimama mstarini.
Zikabaki nne.
"Hizo achana nazo, mwalimu," karani akasema.
Nikakataa.
Mkoba wa Mama ulikuwa kwenye bahasha ya kaki
pamoja na miwani na kitambulisho.
Ndani, sarafu moja ya shilingi kumi.
Nikaipitisha chini ya kioo.
Akanihesabia chenji, akapiga muhuri.

Shilingi sita. Ninazo mpaka leo.
Sita inagawanyika vizuri, kwa mbili, kwa tatu.
Sijaigawa.