Dakika Ishirini za Shairi Geni

Mjini Longford, kule Ireland, ukifika mwezi wa Mei
watu huwawekea dau washairi waliokufa
kama wanavyowawekea farasi.
Gobnait, binti wa muuza nyama, ana orodha:
huyu alitoka mwaka jana, harudi;
yule hajatoka miaka mitatu, ana njaa;
mmoja huomboleza kila ukurasa, mtihani humpenda.
Mimi sina dau. Naliogopa swali la mwisho,
shairi geni, lisilo na jina la mtu ninayemjua,
dakika ishirini, alama ishirini,
ghali kuliko maegesho ya hospitali ya Mullingar.

Jioni nipo gereji kwa mjomba Lorcan,
nabadilisha matairi. Mfukoni nina kadi:
TASHBIHI, tafuta "kama", tafuta "mithili ya".
TASHIHISI, kitu kilichotiwa roho.
TAKRIRI, neno lirudialo.
Kadi zimelowa grisi ya vidole,
takriri imefutika nusu,
imebaki "riri".

Bi Tuohy hunirudishia karatasi zimejaa wino wa kijani.
Nikiandika, mshairi ametumia taswira kwa ufanisi,
pembeni anauliza: Ufanisi gani?
Nikiandika, shairi linamfanya msomaji ahisi,
anauliza: Msomaji yupi? Ahisi nini? Wapi mwilini?
Jumatano alikaa juu ya meza, miguu inaning'inia,
akasema, "Fiachra, shairi umelifungua vizuri,
kama injini. Boliti zote ziko sakafuni.
Sasa gari liko wapi?"
Darasa likacheka. Nami nikacheka,
nikaenda nyumbani na boliti zangu.

Shairi la mazoezi lilikuwa fupi, mishororo kumi na miwili:
shati la mwanamume limesahauliwa kambani usiku wa barafu,
asubuhi mke analianua, limekakamaa kama ubao,
analikumbatia ili lipite mlangoni.
Basi. Hakuna zaidi.
Nikapiga mstari. Shati, ishara. Barafu, kifo?
Alama ya kuuliza nikaitia kwa penseli.
Mshororo wa tisa nikauona umekatika,
umedondosha neno moja chini, "polepole",
peke yake, kama aliyeachwa na basi.
Nikaandika: huu ni mshata, umetumika ili kuongeza mvuto.

Nikainua kichwa.
Nyuma ya mlango wa jikoni linaning'inia koti la Ruairi,
la kijani, zipu mbovu,
baridi ya tatu hii halivaliwi wala haliondolewi.
Mama akitaka aproni hulisogeza
kwa viganja viwili,
hivi,
kama mtu anayempisha mgonjwa aliyelala.
Kila siku nimetazama. Sijawahi kuona.
Nikaufuta "mvuto". Nikafuta "ili kuongeza".
Karatasi ikatoboka hapo.
"Umekula?" mama akauliza.
Nikasema ndiyo, na haikuwa kweli,
na sahani ikaja hata hivyo.

Siku ya mtihani mvua ilianza alfajiri.
Ukumbi unanuka raba za michezo na nta ya sakafu.
Farasi wa Gobnait wameanguka wote isipokuwa mmoja,
na huyo hakumsoma.
Nafungua ukurasa wa mwisho.
Shairi geni linahusu konokono.
Konokono! Anapanda dirisha la benki.
Hakuna shati, hakuna barafu, hakuna wa kuomboleza.
Kicheko kinanijia hadi kooni,
msimamizi ananitazama juu ya miwani.

Nasoma mara ya kwanza kwa macho.
Mara ya pili kwa midomo, bila sauti,
nisikie pumzi inaishia wapi.
Mshororo wa sita unasita.
Sijui bado kwa nini unasita.
Zimebaki dakika kumi na saba.
Kalamu naiacha ilale kwanza.