Mvua ya Studio Namba Tatu

Mvua mliyoisikia Jumapili usiku, mchezoni,
niliipepeta mimi:
kunde kavu, ungo wa mama, mikono miwili.
Ngurumo ilikuwa bati la choo, Makongeni.

Bi Mwanatumu Shee alivua viatu mlangoni
asije akaikanyaga sauti yake.
Majina ya waliofariki aliyasoma taratibu,
kabla ya kila jina akinyamaza kidogo
kama anayebisha hodi kwa watu asiowajua.
Mji mzima, kijiko hewani.

Habel Eshikumo, huyo alikuwa wazee wote:
chifu, mlevi, baba mkwe,
hata jogoo.
Nje ya studio alikuwa na kigugumizi.
Karani wa posta alimfokea, "Sema haraka!"
asijue ni yule yule anayemvunja mbavu kila Jumapili.

Nzioki wa kodiani alilipwa shilingi saba,
akadai ya nane
kwa ajili ya mguu uliogonga sakafu.
Nadhani anaidai bado, huko aliko.

Kanda zilifutwa. Utepe ulikuwa ghali,
wakarekodi hotuba juu yake.
Lakini iko moja, ninayo chini ya kitanda:
waziri akinyamaza kugeuza karatasi,
kwa mbali, chini kabisa,
jogoo wa Habel anawika.

Jana tulimzika Bi Mwanatumu, Kariokor.
Jina lake halikusomwa popote.
Mvua ikaanza, tukajibanza ukutani,
nami nikaisikiliza kwa sikio la kazi,
nikasema moyoni:
kunde chache mno.