Pembe ya Kushoto

Kamera ya tatu nimeifunga kwenye mwaloni,
kimo cha kiuno, inatazama uzio
pale waya ulipolegea, pale kulungu hurukia.
Huku Wisconsin, vilimani juu ya mto Kickapoo,
baridi ya Februari huua betri kabla ya wiki kwisha,
nami kila Jumamosi huja na mpya, nimezibana kwapani
kama mgonjwa na kipimajoto.

Tunamwita Mkaguzi. Baba ndiye aliyempa jina,
kwa vile hapiti shamba la mahindi bila kusimama,
kuinua shingo, kuhesabu mistari ya mabua
kama mtu aliyetumwa na benki.
Ncha kumi na mbili. Ile ya pajini, upande wa kulia,
imechanika kama ulimi wa nyoka.
Misimu minne namwinda kwa upinde.
Mara moja alinijia hatua ishirini, upepo ukageuka,
akanionyesha mkia mweupe,
nikabaki juu ya mti na mshale wangu na mafua.

Ghalani pembe alizoangusha zimetundikwa ukutani,
mwaka chini ya mwaka.
Jozi. Jozi. Halafu mwaka ule: ya kulia peke yake.
Baba aliisaka ya kushoto hadi nyasi mpya zikamfika magotini,
hadi Mama akamwambia: Orrin, panya wamekwisha kuila,
njoo nawe ule.

Kisha Mama akafa, na baba akaanza kusahau,
kwanza funguo, kisha njia ya kanisani,
kisha jina langu,
ambalo siku nyingine huliokota, siku nyingine hulipita.

Leo nimeketi garini, kipasha joto kinavuma,
napitisha picha kwa kidole. Kunguru. Rakuni.
Jike na ndama wake wawili wa mwaka jana.
Saa nane na dakika arobaini usiku,
nyuzi kumi na tisa chini ya sufuri: Mkaguzi,
kichwa kitupu, vidonda viwili vyeusi palipokuwa na taji.
Moyo ukaniruka. Zimeanguka. Ziko papa hapa.

Picha inayofuata, saa tisa na dakika kumi na mbili:
baba yangu.
Ndara miguuni. Koti la Mama.
Macho yanawaka meupe kama ya mnyama yeyote.
Ameinama, anachungulia chini ya waya.

Usiku uliotangulia, yumo. Na ule wa kabla yake.
Mtego niliomtegea kulungu umeninasia mzazi.

Nilibadili kitasa. Nilitundika kengele mlangoni.
Nikafanya na jambo jingine, ambalo dada yangu Solveig hajui:
nilitoa ukutani pembe ya kushoto, ya mwaka mwingine,
nikailaza kwenye theluji chini ya uzio, ncha juu,
nikaifukia kidogo, ionekane ya zamani.
Jumapili mchana nikamvika baba buti,
nikamtoa, nikajifanya nakaza mkanda wa kamera.

Picha ziko tatu.
Ya kwanza, anainama.
Ya pili, ameishika, kidole gumba kinazunguka kitako chake
polepole, kama kipofu anayesoma.
Ya tatu ananitazama mimi,
ingawa mimi simo kwenye picha, niko nyuma ya mwaloni.

Kilichofuata kamera haikukipata.
"Hii ni ya mwaka wa mafuriko," alisema.
"Nani kaitoa ukutani?"
Akanitupia kifuani, nikaidaka.
Alikuwa amekwisha kugeuka, anafuata uzio kuelekea kwenye mierezi,
macho chini, mikono nyuma,
mwendo wake ule wa zamani wa kupima shamba.
"Twende, Marit. Jua linazama,
na ile tunayoitafuta imepinda kwa ndani."