Bondo

Januari walikuja na viatu vikubwa kuliko miguu,
vilivyonunuliwa vidumu hadi kidato cha nne.
Sitini na mmoja, Kidato cha Kwanza B,
wa Igombe, wa Kayenze, na wawili wa kisiwani
waliovuka kwa mtumbwi wa dagaa, magodoro vichwani.

Getini bango: humu ndani Kiingereza tu.
Basi humu ndani pakawa kimya.

Watoto waliobishana juu ya penalti
hadi mishipa ya shingo ikawasimama
sasa wanaomba kwenda chooni kwa pumzi moja:
meiaigoauti,
kama jina la mtu.

Nami nafundisha. Baiolojia, vipindi vinne kwa wiki.
Nasema, wananakili. Nauliza, wanatazama dirisha.
Mmeelewa? Yesi, madamu.
Hiyo yesi naijua. Niliisema miaka minne
na kipande cha ubao kikining'inia shingoni
kwa sababu niliomba maji kwa lugha niliyonyonyeshwa.
Sikuomba tena. Nilikunywa nyumbani.

Misoji Lugata, dawati la nyuma,
hajatoa sauti tangu shule ifunguliwe.
Mtihani wa Machi: nane kwa mia.
Ofisini wakasema, huyu mzito.

Mzito! Jumamosi nilimkuta mwaloni
akipasua sangara wa kilo saba
kwa kisu kilicholika hadi kubaki wembamba wa kidole,
huku akimfokea mchuuzi wa mabondo:
"Hizi gramu mia mbili, unaniambia mia na hamsini?
Mizani yako imelala au imelewa?"

Jumatatu nikaingia na samaki kwenye beseni.
Nikafunga mlango. Nikasema, leo Kiswahili.
Wakatazamana kana kwamba nimevua viatu kanisani.
Misoji, njoo. Mpasue, utuambie.

Mkono ulitetemeka mpaka uliposhika kisu.
Haya matamvua, ndiyo mapafu yake;
yakiwa mekundu kafa leo, yakiwa ya kahawia usinunue.
Haya magamba. Huu utumbo, mtupieni paka.
Na hili (akalivuta polepole, jeupe, limevimba)
hili bondo. Ndilo linalomshika katikati ya maji,
asizame, asielee juu kama gogo.

Nikageukia ubao niandike Kiingereza chake.
Chaki ikakwama.
Digrii ninayo. Neno sinalo.
Nikasema, sijui. Nikafungua kamusi mbele yao,
kidole kikishuka ukurasani kama cha mtoto wa darasa la pili.
Swimu bleda, nikasoma.

"Bleda?" Bwire akaruka. "Bleda ya mpira?"

Darasa likapasuka.
Si inajaa upepo, madamu! Si ndiyo kazi yake!
Na plagi ya injini, madamu? Na spana? Na nati?
Na tochi? Vyote hivyo ni Kiingereza?
Ni Kiingereza, nikasema,
mmekuwa mnatembea nacho mifukoni.

Ubao ukajaa. Bondo juu, bleda chini yake,
na pembeni neno la Kikerewe alilolitoa Bwire,
nikaliandika jinsi alivyolitamka,
naye akanisahihisha herufi moja. Alifurahi kunisahihisha.

Najua mtihani hautauliza bei ya bondo.
Najua pia kwamba mkuu wa shule alipita dirishani,
akasimama, akaondoka bila neno.
Hilo neno bado nalisubiri.

Ijumaa usiku nasahihisha madaftari kwa taa ya sola.
La Misoji linanuka samaki.
Ndani, sentensi moja ya Kiingereza,
yake, haikunakiliwa popote.
Ina makosa manne. Inachechemea
kama mbuzi aliyekata kamba,
lakini inakuja, inakuja upande huu.

Nimefunga kalamu nyekundu.
Natafuta penseli.